WASIA NA KITENDAWILI: FASIHI YA JIKONI KATIKA MILIMA YA UPARE

Mtoto afikapo darasani kwa mara ya kwanza huwa amekwisha kusoma kwa miaka mitano. Hakusoma maandishi, amesoma sauti, nyuso, majina ya vitu, adabu ya kuuliza na adabu ya kunyamaza. Mwalimu humpokea akamwita mwanafunzi mpya, walakini upya huo ni wa daftari tu. Elimu hii ya kwanza aghalabu huachiwa wauguzi na wataalamu wa malezi, na wahakiki wa fasihi hupita mbali nayo kana kwamba haina tungo ndani yake. Kumbe imejaa tungo. Mzazi amfundishapo mtoto mdogo nyumbani hutumia wimbo, methali, ngano, kitendawili, onyo na nasaha; na kila moja ya tungo hizi ina umbo lake, ina msemaji wake na msikilizaji wake, tena ina kazi inayomtaka mtoto aifanye. Palipo na umbo, msemaji na msikilizaji, mhakiki ana haki ya kuingia.

Kwa ajili ya uchambuzi, tungo hizi za nyumbani zaweza kugawanywa katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni wasia. Katika wasia mkubwa husema na mdogo husikia. Jibu limo ndani ya maneno yenyewe, na sifa ya msikilizaji ni utii na kumbukumbu. Fungu la pili ni kitendawili. Katika kitendawili mkubwa huficha na mdogo hutafuta. Jibu halimo katika maneno, limo katika ulimwengu, na sifa ya msikilizaji ni kuona na kuthubutu. Ngano hukaa katikati, maana ina mafunzo kama wasia na ina wito na itiko kama kitendawili. Mafungu yote mawili ni elimu, wala si rahisi kupata jamii iliyolea watoto wake kwa moja bila ya jingine. Lakini katika Same na milima ya Upare, kama katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania, mizani ya vitu hivi viwili imeinama. Wasia umepata kitabu, shule, redio na mimbari. Kitendawili kimeachiwa moshi wa jiko. Hasara yake humwangukia mtoto wa miaka mitatu, minne na mitano, ambaye akili yake hukua kwa kuulizwa zaidi kuliko kwa kuambiwa.

Yafaa kwanza kueleza mahali penyewe. Mji wa Same umekaa chini ya milima, katika nchi kavu, kando ya barabara kuu na reli iendayo Moshi kutoka Tanga. Juu yake ni milima ya Upare wa Kusini yenye Mbaga, Gonja, Chome, Suji na Vudee, na kilele cha Shengena kinachopita mita 2,400. Chini jua ni kali na mvua ni haba. Juu kuna ukungu, baridi, migomba na tangawizi. Lugha nazo zimepangwa vivyo hivyo. Milimani Chasu, yaani Kipare, ndicho lugha ya mama na bibi. Huko Ugweno, katika Upare wa Kaskazini, kipo pia Kigweno. Mjini Same, walikokutana Wapare, Wachaga, Wasambaa, Wamaasai na wengine, Kiswahili ndicho lugha ya soko, na katika nyumba nyingi kimekuwa lugha ya mtoto pia. Basi mtoto wa wilaya hii huanza masomo yake ya nyumbani kwa lugha mbili, au kwa lugha moja huku nyingine ikisikika kutoka kinywani mwa bibi.

Chakula kilichojulikana zaidi cha Wapare ni makande, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja. Jambo hili la jikoni lina maana katika fasihi. Mahindi makavu na maharage makavu hayaivi upesi. Huhitaji moto wa polepole na saa nyingi za kungoja. Kabla ya kupikwa maharage huchambuliwa, na mikono midogo hupewa kazi ya kutenga mazima na mabovu, mekundu na meupe, makubwa na madogo. Hapo mtoto hujifunza kulinganisha na kuhesabu kwa vitu vyenyewe. Kisha chungu hutelekwa, na watu hukaa kuuzunguka moto wakingoja. Njaa ipo, usingizi upo, na kazi ya mikono imekwisha. Saa hii ndiyo saa ya kitendawili na ngano. Tungo hizi zilihitaji muda usiokuwa na kazi nyingine, na chungu cha makande kilitoa muda huo kila jioni bila ya mtu kuupanga. Mhakiki anayetaka kujua kwa nini fasihi hii inapungua hana budi kutazama jiko kwanza: palipo na chakula kinachoiva upesi, au mama anayerudi usiku kutoka kazini mjini, saa ile ya kungoja imetoweka, na fasihi yake imekwenda nayo.

Sasa na itazamwe kazi ya kitendawili chenyewe. Mtegaji huita, "Kitendawili!" Wengine huitikia, "Tega!" Neno hili la tega si la bure, ni neno la mwindaji. Mtoto mwenyewe hutoa ruhusa ya kutegwa, naye huingia katika mchezo akijua kwamba maneno yanayokuja yana hila. Hii ni hatua kubwa ya akili. Mtoto wa miaka miwili huamini kuwa neno na kitu ni kimoja. Mtoto anayeitikia "tega" amekwisha kutambua kuwa neno laweza kusema hili na kukusudia lile.

Chukua mfano mmoja mwepesi: "Kila niendako ananifuata." Jibu lake ni kivuli. Kwa sarufi kivuli kingepaswa kusemwa kinanifuata, maana neno lenyewe ni la ngeli ya vitu. Lakini mtegaji amesema ananifuata, akakivika kitu kiambishi cha mtu au mnyama. Mtoto hufikiri kwanza mbwa, kisha mdogo wake, kisha hufikiri tena na kutambua kuwa mbwa hulala na mdogo hubaki nyumbani. Kwa hatua hizo amejaribu jibu, amelipima kwa neno "kila", amelikataa, na ametafuta jingine. Mwishowe hugundua ya kuwa sarufi ilimdanganya kwa makusudi. Hapana somo la ngeli katika kitabu cha shule linalofundisha kwa nguvu hivi, kwa sababu hapa kiambishi kidogo kimekuwa mlango wa siri. Wala somo hili si la Kiswahili peke yake. Chasu nacho ni lugha ya Kibantu yenye ngeli, na hila hiyohiyo yaweza kufanyika ndani yake. Mtoto aliyezoea kunasa na kunasuka katika Chasu hachukui muda mrefu kuuzoea mtego wa Kiswahili.

Tazama tena vitendawili viwili vinavyokaa jirani. Kimoja chasema, "Nyumba yangu haina mlango," nalo jibu ni yai. Kingine chasema, "Nyumba yangu ina nguzo moja," nalo jibu ni uyoga. Neno nyumba ni moja katika vyote viwili, lakini mtoto akijibu yai mara ya pili hukosa. Analazimika kuuliza ni upande upi wa nyumba unaotajwa: kuzungukwa au kusimama, ukuta au nguzo. Kwa maneno ya wanachuoni, anajifunza kwamba mfano hauchukui kitu kizima bali sifa moja ya kitu. Msingi wa ushairi wote umo humo, na msingi wa sayansi pia, maana mtaalamu wa mimea na mshairi wote huanza kwa kusema kitu hiki kinafanana na kile kwa jambo fulani, na kwa jambo fulani hakifanani.

Mtoto akishindwa, hakemewi. Huambiwa, "Nipe mji." Hapo hana budi kutaja mji, na mtegaji huupokea, akasafiri kwa maneno mpaka huko, kisha akatoa jibu. Mtoto wa Same aweza kutoa Hedaru, Makanya, Mwanga au Moshi; aliyekwisha kusikia habari za mbali hutoa Tanga au Zanzibar. Desturi hii yastahili kusifiwa kwa mambo mawili. Kwanza, kushindwa kumepewa thamani: asiyejua hulipa kwa jambo analolijua. Pili, jiografia ya mtoto hupanuka jioni hata jioni, kwa kuwa mji uliokwisha kutolewa hauna utamu tena, naye hutafuta mwingine. Darasa ambalo mtoto akikosa hucheka wenzake, au huogopa fimbo, limepoteza hekima ambayo jiko lilikuwa nayo.

Watoto wenyewe huongeza yao. Upo mchezo wa Waswahili uitwao kinyume, ambao silabi ya mwisho ya neno hutanguliwa mbele, nyumba ikawa mbanyu na mtoto akawa tomto. Wazazi wengi huuona kuwa ni upuuzi wa vijana. Lakini anayeweza kusema mbanyu bila ya kusita amekwisha kulikata neno katika silabi zake kabla ya kuona herufi hata moja, na kukata neno katika silabi ndiko kunakotangulia kusoma kwa Kiswahili. Mzazi anayemkataza mtoto kinyume ili aketi kukariri ba, be, bi, bo, bu amemnyang'anya kisu akampa picha ya kisu.

Jambo hili halikuonekana Afrika peke yake. Mwaka 1983 Shirley Brice Heath wa Marekani alichapisha kitabu kiitwacho Ways with Words, alichokiandika baada ya kukaa miaka mingi na jamii mbili za wafanyakazi katika nchi ya Carolina, moja ya weupe na moja ya weusi, alizozipa majina ya Roadville na Trackton. Wazazi wa Roadville waliwanunulia watoto vitabu, wakawauliza majina ya picha na rangi zake. Watoto wao walianza shule vizuri, lakini madarasa ya mbele yalipotaka fikira zao wenyewe walirudi nyuma. Wazazi wa Trackton waliwauliza watoto jinsi kitu kimoja kinavyofanana na kingine. Watoto wao walikuwa hodari wa mifano na hadithi, lakini shule ilianza kwa kuwauliza majina, ikawaona wajinga kabla ya kufikia maswali waliyoyaweza. Somo la Heath kwa Upare ni wazi. Swali la jina na swali la mfano ni elimu mbili, na mtoto huhitaji zote. Shule ya Tanzania huanza na swali la jina. Swali la mfano lilikuwa kazi ya jikoni. Jikoni pakinyamaza, mtoto huenda kwa mguu mmoja.

Wasia nao usidharauliwe. Katika fasihi ya Kiswahili una nasaba tukufu. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, miaka michache kabla ya kufa kwake, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima; tangu hapo haukuacha kusomwa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga mwaka 1909, alimtungia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, na zote mbili zimo katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo upendo wa mzazi umefanywa fasihi kwa namna bora kuliko hii. Walakini mhakiki na atazame nafasi ya mtoto ndani ya tungo hizi. Mwana Kupona amwita bintiye akaribie na wino na karatasi. Binti ni msikilizaji na mwandishi, lakini neno lake mwenyewe halisikiki. Katika Hati na Adili pia baba asema na mtoto apokea. Hili si kosa la watunzi. Waliandika kwa watoto waliokuwa wakielekea utu uzima, na mzazi anayehofia kutenganishwa na mtoto kwa kifo au kwa safari hana wakati wa kutega. Kosa ni la wasomaji wanaodhani kuwa umbo lifaalo kwa binti anayekaribia kuolewa lafaa pia kwa mtoto anayejifunza kufunga kifungo.

Methali mbili zinazotajwa sana katika mambo ya malezi zaonyesha tofauti hiyo. Moja yasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Nyingine yasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Wengi huzitumia kana kwamba ni kitu kimoja, na sivyo. Samaki anayekunjwa ni samaki aliyekwisha kufa. Hakui, hajibu, na kazi yote ni ya mkono umkunjao. Mtoto alelewaye hukua, na methali ya pili imempa kitenzi chake mwenyewe: wewe walea, yeye akua. Mzazi wa methali ya kwanza atapenda wasia peke yake. Mzazi wa methali ya pili atahitaji pia swali, maana hawezi kujua jinsi mtoto akuavyo asipomsikiliza akijibu.

Kwa nini basi mizani iliinama? Sababu moja kubwa ni historia ya maandishi katika Upare. Kitabu kilipanda milima hii pamoja na misheni. Waadventista walifika mwaka 1903, na Walutheri walikuwa na kituo chao Mbaga. Mwaka 1909 Ernst Kotz, mmisionari wa Kiadventista, alichapisha sarufi ya Chasu kwa Kijerumani. Uislamu ulileta chuo na msahafu. Katika miaka ya 1950 palikuwa na mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwafundisha watu wazima wa Upare kusoma, pamoja na gazeti la Habari za Upare. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 ikaja kampeni kubwa ya taifa ya kufuta ujinga ya mwaka 1971 hata 1975, yenye vitabu vyake vya kilimo bora, afya na ufundi. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 hesabu ya serikali ilisema wamebaki kama mmoja katika kila kumi. Hiyo ni kazi kubwa ambayo mataifa mengi hayakuiweza.

Lakini kihakiki, maandishi haya yote yalikuwa ya fungu moja. Katekisimu ni wasia. Shauri la bwana shamba ni wasia. Kitabu cha kisomo kinachoeleza jinsi ya kuchimba choo ni wasia, na gazeti la maendeleo aghalabu ni wasia. Mzazi wa Upare alipopewa herufi, alipewa pamoja nazo fikira kwamba kilichoandikwa ni amri au nasaha, na kwamba kusoma ni kupokea. Kitendawili hakikuingia katika karatasi ila kwa uchache, na kilipoingia kiliwekwa mwishoni mwa kitabu, swali upande huu na jibu upande ule. Vitabu vya hadithi kwa watoto wadogo vilikuwa haba. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, uliozaliwa mwaka 1991, ulikuja kwa sababu ya uhaba huo. Si ajabu basi kwamba mzazi mwenye bidii, akitaka kumsaidia mtoto wake nyumbani, humkalisha na daftari na kumwamrisha akariri. Anafanya kile ambacho maandishi yalimfundisha kuwa ndicho elimu. Na bibi asiyejua kusoma hujiona hana la kutoa, ingawa kifuani mwake ana shule nzima.

Yafaa kusema wazi ya kuwa jiko la zamani halikuwa pepo. La kwanza, kitendawili hufa kwa kurudiwa. Mtoto aliyekwisha kusikia mara tano kuwa nyumba isiyo na mlango ni yai hafikiri tena. Anakariri kama akaririvyo hesabu. Mapokeo yasiyoongezwa hugeuka kuwa wasia mwingine. La pili, ngano nyingi za zimwi zilikuwa chombo cha kutisha, na mtoto aliyelazwa kwa hofu hakulala kwa elimu. La tatu, katika nyumba nyingi mtoto aliruhusiwa kusema saa ya kitendawili tu. Mchana, mbele ya wakubwa, swali lake lilihesabiwa kuwa ufidhuli, na baba hakukaa jikoni. Na la nne, jiko lilimlea mtoto mdogo, lakini Wapare wa kale hawakuliachia kumaliza kazi. Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare ya mwaka 1969, ameeleza jinsi mshitu, yaani mafunzo ya jando msituni, ulivyofungamana na utawala wa Wasuya huko Ugweno. Huko mafunzo ya wakubwa yalikuwa na mpango, siri na mamlaka. Wazee hao, basi, walijua kuwa kila umri una chuo chake. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikumbusha pia ya kuwa Afrika ya kale haikukosa elimu kwa kukosa majengo ya shule, maana watoto walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda. Neno hilo ni kweli, lakini lahitaji nyongeza: walijifunza pia kwa kuulizwa.

Siku hizi serikali imelitazama jambo la watoto wadogo kwa macho makali zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyojengwa juu ya nguzo za afya, lishe, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na malezi yenye mwitikio. Neno hili la mwisho lastahili kuangaliwa na mtu wa fasihi. Mwitikio limetoka katika kuitika, na ndugu yake ni kiitikio, sehemu ya wimbo inayoshikwa na wasikilizaji. Wataalamu wamelichagua kueleza jinsi mzazi apaswavyo kuupokea mlio, ishara na maneno ya mtoto na kuyajibu. Bila ya kukusudia labda, wamelitaja umbo la ngano na la kitendawili. Anayeita "Kitendawili!" akajibiwa "Tega!" anatenda malezi yenye mwitikio, ingawa hakuhudhuria semina. Hatari ni kwamba mafunzo haya yenyewe huwafikia wazazi kwa umbo la wasia: fanya hivi, usifanye vile. Mzazi wa Chome akiambiwa azungumze na mtoto wake, atauliza kwa haki, kwani alikuwa akimfanyia nini siku zote? Afadhali aulizwe bibi yake alimtega nini.

Jambo linalofaa, basi, halihitaji fedha nyingi. Lahitaji kitendawili kirudishwe katika heshima na kifanywe upya. Vitendawili vilivyoletwa kutoka mbali vina uzuri wake, lakini mtoto hutafuta jibu vizuri zaidi katika vitu anavyoviona. Upare una ndiva, mabwawa madogo ambayo hujazwa maji usiku na kufunguliwa asubuhi ili kumwagilia mashamba kwa zamu. Mzazi aweza kutega: "Usiku hunywa, asubuhi hutapika, wala haugui." Mtoto aliyepita bwawani na babaye atajibu ndiva, na atakuwa amefikiri habari ya maji, ya saa, na ya tofauti kati ya kiumbe na chombo. Milimani kuna tangawizi, mzazi aweza kutega: "Vidole tele hana mkono, ukimuuma anakuuma." Baada ya jibu lazima lije swali la pili ambalo mapokeo yalilisahau mara nyingi: kwa nini? Kwa nini ndiva haugui? Kwa nini vidole? Hapo kitendawili hakifi kwa kurudiwa, maana jibu ni moja lakini sababu ni nyingi. Kisha mtoto mwenyewe aambiwe atege, na mkubwa akubali kutoa mji. Baba anayekubali kushindwa na mtoto wa miaka mitano, akatoa Korogwe kwa uaminifu, amemfundisha kuwa elimu haina umri.

Lugha ya kutegea iwe ile ambayo mzazi ni tajiri ndani yake. Hofu ya kwamba Chasu kitamchelewesha mtoto katika Kiswahili haina msingi katika uchambuzi uliotangulia. Kinachohamishwa kutoka lugha moja hata nyingine ni ule uwezo wa kuona mfano, na mtoto hubeba uwezo huo popote. Kinachomchelewesha ni mzazi anayeacha lugha aliyo tajiri ndani yake ili amsemeshe mtoto kwa lugha ambayo ana maneno machache, yote ya amri: njoo, kaa, nyamaza, soma. Lugha ya namna hiyo, iwe Kiswahili au Kiingereza, humpa mtoto wasia mfupi kuliko wote.

Vyuo vikuu vina deni hapa. Vitendawili vya Kiswahili vimekusanywa katika vitabu kadhaa, lakini aghalabu vimekusanywa kama vipepeo, kila kimoja kimechomwa sindano na jibu lake kuandikwa chini. Havielezwi vilitegwa na nani, kwa mtoto wa umri gani, saa gani, na mtoto alijibu nini kabla ya kupata jibu la kweli. Majibu yale ya makosa ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu yanaonyesha njia ya akili. Mwanafunzi wa fasihi anayetoka Gonja au Vudee, akirudi kwao wakati wa likizo, angefanya kazi ya maana akiyaandika kwa Chasu na kwa Kiswahili, pamoja na makosa yake. Na mwalimu wa darasa la awali mjini Same angeanza asubuhi vizuri kwa kumwomba kila mtoto alete kitendawili kimoja kutoka nyumbani. Asiyekuwa nacho atamwuliza mama. Mama asiyekikumbuka atamwuliza bibi. Na katika kuulizana huko nyumba nzima itakuwa imerudi shuleni, ikiwa na mwalimu wake wa kwanza mahali pake.